Majivu ya Zamu ya Mchana

Kituo cha Malezi Lukombe,
Morogoro.
19 Januari 1976

Mama Eufrazia,
Turiani.

KUH: KUJITAMBULISHA NA KUOMBA MAELEKEZO

Shikamoo Mama.

Nilitaka kuandika "Ndugu" kama tunavyoandika ofisini, lakini Sista Bernadeta wa zahanati ya misheni ameniambia kwamba wewe ni wa rika la mama yangu, nikaona si adabu. Kama nimekosea naomba uniwie radhi.

Jina langu ni Ernest Magesa, mwenyeji wa Ukerewe, karani wa kituo hiki tangu Septemba iliyopita. Hapa wanaishi vijana wenye ulemavu wa akili, na baadhi yao wana tabia ngumu: wanapiga, wanauma, wanajigonga ukutani. Walezi hawatoshi. Kwa sababu hiyo Mkuu wa Kituo, Bwana Stefano, ameniagiza nishike na zamu ya mchana baada ya kazi za ofisi. Sikusomea ulezi. Nilisomea uchapaji na utunzaji wa majalada.

Sista ametuambia walezi wote kwamba tunaweza kukuandikia wewe mambo yanayotutatiza kazini, na kwamba uliwahi kuwauguza wagonjwa wa akili miaka mingi kabla ya kustaafu. Bwana Stefano alikubali, ingawa alisema mbele yetu, "Haya, kaandikeni barua za mapenzi huko Turiani."

Ninachoomba kufahamu ni hiki. Je, wewe uko chini ya nani? Utakachokisoma kwangu kitapelekwa wapi? Je, utaniwekea alama, na alama hizo zitaingia katika jalada langu? Niko katika kipindi cha majaribio hadi Juni na nyumbani wananitegemea.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, bila namba ya kumbukumbu na bila nakala. Ni ya kwanza kwangu ya namna hiyo.

Wako mtiifu,
Ernest Magesa

*

Turiani,
2 Februari 1976

Mwanangu Ernest,

Marahaba. Hiyo KUH yako imenichekesha mpaka binti yangu akatoka jikoni kuuliza kuna habari gani. Nikamwambia hakuna. Ndivyo itakavyokuwa kwa kila utakachoniandikia: hakuna.

Siko chini ya mtu. Kituo hakinilipi, Bwana Stefano hanitumi, na sina jalada la kukuwekea alama. Kazi yangu ni kukusikiliza na kukuuliza, ili wewe uione kazi yako vizuri zaidi. Unalonieleza ni lako. Sitamweleza mkuu wako, wala Sista, wala mlezi mwenzako. Kuna jambo moja tu litakalonifanya nifungue mdomo, nalo ni nikiona kwamba mtu yuko karibu kuumia. Hata hapo nitakueleza wewe kwanza, kabla sijamweleza mwingine.

Nasikia umeogopa. Nami niliogopa siku ya kwanza wodini, nikajificha chooni hadi mgonjwa mmoja alipokuja kunigongea akiniuliza kama naumwa.

Niandikie habari za mtu mmoja tu anayekutatiza. Usiniandikie kama taarifa.

Mama Eufrazia

*

Lukombe,
11 Februari 1976

Shikamoo Mama.

Nashukuru kwa barua. Nimeisoma mara kadhaa. Sijui kama nimeamini, lakini nitajaribu.

Anayenitatiza ni Kondo. Ana umri wa miaka ishirini hivi, mtoto wa huku mlimani, na maneno yake ni machache mno. Nilipofika Septemba alikuwa mpole, anabeba kuni na kukaa juani. Mwishoni mwa Novemba alibadilika. Sasa anachota majivu jikoni na kumrushia mlezi. Ananyakua chakula katika sahani ya mlezi na kukimbia nacho. Safari moja majivu yalikuwa na kaa la moto, mlezi akaungua kiganja. Usiku hataki kulala ndani.

Bwana Stefano ameniagiza niandike kila tukio katika daftari, nami naandika kwa uangalifu: "Kondo amemshambulia mlezi wa zamu kwa majivu." "Kondo amempora mlezi wa zamu chakula." Daftari hilo litasomwa mbele ya kamati mwezi wa Aprili. Kamati ikiridhika kwamba ameshindikana, atapelekwa hospitali ya vichaa, mbali na hapa. Baba yake ameshatia dole gumba kukubali. Walezi wanasema aliyepelekwa huko mwaka juzi hajaonekana tena. Mimi ndiye nitakayesoma.

Kuna jambo jingine. Naliandika kwa sababu umesema ni langu.

Novemba ililetwa taarifa ofisini kutoka kijijini kwao kwamba mama yake Kondo amefariki na ameshazikwa. Niliipokea mimi. Nilimuuliza Bwana Stefano nani atamwambia kijana. Akasema, "Karani, mwendawazimu hajui msiba. Ukimwambia utamchafua bure. Weka jaladani." Nikaweka jaladani. Aliniagiza nisimwambie mtu yeyote, hata walezi. Nimetii.

Kila Kondo akipita mlangoni mwa ofisi mimi nainamisha uso kwenye mashine ya kuchapia.

Ernest

*

Lukombe
15/2/76

Dada Eufrazia,

Wewe Mluguru mla magimbi, hujambo? Mtani wako Pili Mzigua wa Handeni nakusalimu. Naandika mwenyewe kwa mkono wa kisomo cha watu wazima, cheti nimepata mwaka jana, kwa hiyo usicheke herufi zangu, ukicheka nakuja Turiani kukufuata.

Sasa maneno ya kweli. Sista amesema siri haitoki kwako. Haya.

Novemba mama mmoja anayetuuzia mboga alinong'ona kwangu kuwa mama yake Kondo amekufa juzi na wanazika Jumapili. Mkuu alikuwa mjini. Mimi nikaaga kwamba nampeleka Kondo mtoni kuoga, nikapanda naye mlima mpaka kwao. Tulikuta kaburi limechimbwa. Mimi ni mtani wao, ningefanyaje? Nililala kaburini nikakataa kutoka mpaka wanipe kuku. Nikampaka Kondo majivu, na mjomba wake nikampaka. Watu wakacheka na machozi. Kondo akacheka, halafu akalia, halafu akachota majivu akanirudishia. Jioni tukarudi, hakuna aliyejua.

Tangu siku ile ananirushia mimi majivu na kuninyang'anya ugali. Mimi namjibu kama mtani. Lakini miezi inapita, haachi. Usiku anatoka nje anakaa. Sijui kama namponya au namharibu. Siku ya kaa la moto nilisema nimeungua na sufuria, karani aliniona na akaandika.

Mkuu akijua nilimtoa kijana bila ruhusa nafukuzwa, na wanangu wanne nawalea peke yangu. Yule karani wa Ukerewe anaandika, anaandika, kama kuku anayedonoa. Nadhani ni jicho la mkuu.

Nifanye nini?

Pili

*

Turiani,
24 Februari 1976

Mwanangu Ernest,

Ulichoniandikia kuhusu taarifa ya Novemba nimekipokea. Ni mzigo mzito kupewa kijana. Sitakuambia leo uutue wapi.

Nina swali. Katika yote uliyoniandikia, naona anachofanya Kondo. Sioni anachofanya aliyerushiwa. Je, anakimbia? Analia? Anapiga? Na huyu "mlezi wa zamu" ni nani? Walezi wote wana uso mmoja?

Nenda ukaangalie siku moja bila kalamu.

Mama Eufrazia

*

Lukombe,
4 Machi 1976

Shikamoo Mama.

Maswali yako yalinichanganya, halafu yakanifungua macho.

Kuhusu "mlezi wa zamu": tuliletewa maelekezo kwamba kabila la mtu lisiandikwe katika kumbukumbu za kazi, kwa kuwa sote ni Watanzania. Mimi nikaona ni vizuri nisiandike hata majina, asije mlezi mmoja akaonekana dhaifu kuliko wenzake. Bwana Stefano alinisifu kwa hilo. Sasa nimechukua daftari nikalilinganisha na orodha ya zamu. Mama, kila tukio, kila moja, aliyekuwa zamu ni Pili. Hakuna mwingine aliyewahi kurushiwa majivu.

Nikaenda kuangalia bila kalamu, kama ulivyosema. Nilisimama nyuma ya ghala la kuni. Kondo alimjia na majivu mkononi. Pili hakukimbia. Alimwambia, "Njoo, Mluguru usiyeoga! Nani alikuzaa na kichwa kama mtungi?" Kondo akamrushia. Pili akachota majivu na yeye akampaka usoni, huku akimtukana ukoo wake wote! Kondo akatoa sauti, nikadhani anakohoa. Baadaye nikaelewa kwamba anacheka. Halafu akakaa chini akajigonga kichwa kwa ngumi, Pili akaondoka akifuta macho.

Nimeelewa sasa. Kijana anachokozwa. Yeye si mkali, anafanywa mkali. Nitaandika katika taarifa kwamba mlezi Pili anawatukana na kuwapaka uchafu wagonjwa na kwamba aondolewe. Hivyo Kondo atapona na kubaki. Nakushukuru sana kwa kunionyesha.

Ila nina dukuduku. Mimi ndiye ninayepokea mfuko wa posta. Nimeona bahasha ya mwandiko wako imekuja kwa Pili. Je, unamwambia ninayokuambia?

Ernest

*

Kituo cha Malezi Lukombe,
9 Machi 1976

Ndugu Eufrazia,

KUH: TAARIFA YA MWENENDO WA WALEZI

Kamati ya kituo itakutana Alhamisi, tarehe 8 Aprili. Kwa kuwa walezi wamekuwa wakikuandikia kwa muda sasa, naomba uniletee kwa ufupi yale wanayolalamikia, nani analalamika, na yupi unamwona hafai. Taifa linalojengwa kwa uwazi halina nafasi ya siri za pembeni. Barua yako itanisaidia kuwasaidia wao.

Stefano
Mkuu wa Kituo

*

Turiani,
15 Machi 1976

Bwana Stefano,

Salaam. Nina jambo moja tu la kukupa kuhusu walezi wako: wamechoka. Hilo ungeliona wewe mwenyewe ukikaa nao jikoni asubuhi moja.

Mengine siwezi. Ukitaka niache kazi hii waambie wao, maana wao ndio walionikubali.

Wako,
Eufrazia

*

Turiani,
15 Machi 1976

Mtani wangu Pili,

Leo sina utani.

Nimeuliza swali mahali, nikidhani linafungua mlango mmoja, nalo limefungua mwingine. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Nakuomba ruhusa ya jambo dogo: niruhusu nimwambie mtu mmoja tu, nimchague mimi, kwamba ulimpeleka Kondo msibani. Nakuahidi si mkuu. Usiponiruhusu sitasema.

Dada yako Eufrazia

*

Lukombe
21/3/76

Dada,

Hapana.

Nimelala na hiyo barua chini ya mto siku mbili, nimeona hapana. Wewe uko Turiani, unakula wali wako. Mimi niko hapa.

Usikasirike.

Pili

*

Turiani,
26 Machi 1976

Ernest mwanangu,

Umeniuliza kama namwambia Pili unayoniambia. Hapana. Na ukiniuliza kama Pili ananiandikia, wala ananiandikia nini, nitanyamaza, kama ninavyonyamaza watu wakiniuliza habari zako. Kwamba umeona bahasha, umeona bahasha.

Kuhusu taarifa yako, nakusihi usiiandike bado. Sikuambii kwamba umekosea ulichokiona. Uliona kweli. Nakuambia kwamba ulisimama nyuma ya kuni.

Nenda kwa Pili. Usiende na swali, maana atalifunga. Nenda na kitu chako mwenyewe umpe. Unacho. Ni chako, si changu, ndiyo maana siwezi kukitoa mimi. Sijui atafanya nini nacho. Huenda akaenda nacho moja kwa moja kwa Bwana Stefano na ukapoteza kazi. Siwezi kukuhakikishia lolote, na ningekudanganya kama ningesema nina uhakika na ushauri huu.

Mama Eufrazia

*

Lukombe,
3 Aprili 1976

Shikamoo Mama.

Barua yako ilinikera. Niliiweka mfukoni siku tatu. Nilijiambia huyu mama ananichezea shere, anaongea kama padre kwenye kitubio. Kila nikiuliza jambo moja narudishiwa jingine.

Jana nikaenda jikoni. Pili alikuwa anachambua mchicha. Aliponiona akasema, "Karani, leo umekuja bila kalamu? Imekwisha wino au yamekwisha maneno?" Wapishi wakacheka. Nikamwomba atoke nje kidogo.

Sikujua nianzie wapi, nikasema tu: "Mama yake Kondo amekufa. Novemba. Taarifa niliipokea mimi nikaificha."

Mama, mchicha ulimponyoka mkononi. Akasema, "Kumbe ulikuwa unajua? Na unaandika kwamba ameshambulia?" Nikasema niliagizwa. Akasema, "Umeagizwa." Halafu akakaa kwenye jiwe, akajifunika uso kwa kanga, nikadhani analia. Alipoifunua akanieleza yote, mpaka kuku aliyelipwa ndipo atoke kaburini.

Sikuelewa. Nilimuuliza kwa nini mtu alale kaburini mwa marehemu na kuwapaka majivu wafiwa. Akashangaa kweli kweli. "Kwenu hakuna watani? Nani anawachekesha mkifiwa?" Nikasema kwetu tunalia. Akasema, "Masikini."

Nadhani nimeelewa nusu. Kondo anajua mama yake amekufa. Amejua tangu Novemba. Sisi ofisini tulikuwa tunamficha kitu ambacho yeye alikuwa anatuonyesha kila siku kwa majivu. Lakini Pili mwenyewe hajui kwa nini haachi, na mimi nilikuwa karibu kumfukuzisha kazi.

Sasa nisaidie, nakuomba sana. Kikao ni Alhamisi. Nikisoma daftari lilivyo, Kondo anaondoka. Nikieleza maana ya majivu, wataniuliza alijuaje msiba, na Pili anafukuzwa. Amenishika mkono akasema, "Ernest, nimekupa siri yangu, usinitoe." Nikinyamaza mimi ni mwovu na nikisema mimi ni mwovu. Nijibu kwa basi la kwanza.

Ernest

*

Lukombe,
9 Aprili 1976

Shikamoo Mama.

Jibu lako halikuja. Wanasema mvua imekata barabara, mabasi ya Turiani hayapiti. Kwa hiyo nilifanya peke yangu, na mpaka sasa sijui kama nilifanya sawa.

Kamati ilikuwa Bwana Stefano, Sista Bernadeta, na Mzee Alois, mwenyekiti wa tawi la chama, mkulima wa kabichi kutoka juu mlimani. Nilisimama nikasoma daftari lote. Nilipomaliza Bwana Stefano akasema, "Nadhani mambo yako wazi."

Nikasema, "Nina la kuongeza." Akasema, "Karani haongezi, karani anasoma." Nikasema hata hivyo. Nilisema mama yake Kondo amefariki Novemba, taarifa niliipokea mimi, nikaiweka jaladani, na mpaka leo kituo hakijamwambia mtoto. Sikusema nani aliniagiza. Haikuhitajika, maana kila mtu alimtazama Bwana Stefano. Sikumtaja Pili.

Bwana Stefano akaniambia nikae. Mzee Alois akasema, "Ngoja. Majivu haya alimrushia nani?"

"Mlezi wa zamu, mzee."

"Mlezi wa zamu hana jina? Alizaliwa na zamu?"

Niliinamia daftari, Mama. Nilihisi nikifungua mdomo jina litatoka na mengine yatalifuata. Pili alikuwa mlangoni na birika la chai. Akasema, "Ni mimi, mzee."

"Wewe wa wapi?"

"Handeni. Mzigua."

Mzee akaweka kofia mezani. Alianza kucheka polepole, mabega yanatikisika. "Mzigua! Yaani mmeandika kurasa zote hizi kwamba Mluguru amemrushia majivu Mzigua? Na ugali amemnyang'anya? Mngeandika pia kwamba mvua imenyesha masika!" Pili akamjibu papo hapo, "Kaa kimya, mzee wa magimbi, kabichi zako zenyewe zina funza." Sista akacheka. Mimi na Bwana Stefano ndio tuliobaki tukitazamana, na kwa mara ya kwanza tulifanana.

Kisha mzee akaacha kucheka. Akasema, "Huyu ana msiba, na msiba wake haujafungwa. Matanga yakishaondolewa mtani anaacha, mfiwa ananyoa, watu wanarudi mashambani. Yeye nani alimwambia basi? Miezi yote anaendelea kwa sababu hakuna aliyemwambia basi, yatosha."

Nilimwona Pili akishika fremu ya mlango. Hilo hata yeye hakulijua.

Bwana Stefano akauliza, "Na kama hakuambiwa, alijuaje?"

Mzee Alois akageuka akamtazama Pili. Pili akamtazama yeye. Halafu mzee akanyoosha kikombe akasema, "Mtani, chai yako haina sukari." Pili akaenda kuileta sukari, na swali likapotea hapo.

Sista akauliza habari ya dole gumba la baba. Mzee akasema, "Baba? Huku mtoto ni wa upande wa mama. Mwiteni mjomba wake." Uamuzi ni kwamba Kondo haendi popote kabla mjomba hajaja na matanga hayajaondolewa. Baada ya hapo wataangalia tena. Hawakusema haendi kabisa.

Mimi nimepewa barua ya kujieleza kwa nini nilitoa siri za ofisi mbele ya kamati. Nimepewa siku thelathini. Sijui nitaandika nini. Nikikaa kuiandika naona Kondo akipita mlangoni, na sasa siinamishi uso, namsalimu, naye hajibu. Huenda amenikasirikia. Huenda hanioni.

Nina swali moja, na nakuomba ulijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Ulijua? Uliponiuliza mlezi wa zamu ni nani, uliponiambia niende na kitu changu, ulikuwa unajua kila kitu? Kama ulijua, ulinitazama nikitembea gizani miezi miwili na taa ukiwa nayo wewe. Pili hataki kuniambia kama alikuandikia. Anasema, "Muulize mwenyewe."

Mimi,
Ernest

*

Turiani,
20 Aprili 1976

Ernest mwanangu,

Barua yako ya tarehe tatu niliipata tarehe saba, na ya tisa nimeipata jana.

Unaniuliza kama nilijua. Siwezi kulijibu swali hilo, leo wala mwakani. Najua linakuuma. Ukiamua kutoniandikia tena nitaelewa, wala sitamuuliza mtu kwa nini.

Ila lililo langu mwenyewe naweza kukueleza. Tarehe saba, nilipomaliza kusoma, nilivaa viatu nikapanda lori la miwa. Tulifika Dumila jioni. Mbele daraja limefunikwa na maji, hapiti mtu. Nikalala hapo kwenye kibaraza cha duka, na siku ya kikao yote nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mahindi la watu, natazama maji. Wachuuzi waliniuliza, "Bibi, unakwenda kufanya nini Morogoro na mvua hii?"

Nilikuambia mwanzoni kwamba mtu akiwa karibu kuumia nitafungua mdomo. Nimewaambia hivyo walezi wengi na nilidhani najua maana yake. Pale juu ya gunia nilijiuliza ni yupi aliye karibu kuumia. Yule anayepelekwa mbali? Aliyesema hapana? Au karani anayetetemeka? Nilipanga maneno ya kuieleza kamati, nikayapangua, nikayapanga upya. Maji yalipopungua kesho yake asubuhi kikao kilikuwa kimekwisha, nikageuza nikarudi nyumbani.

Mpaka sasa sijui ningesema nini kama lile daraja lingepitika. Nimekuandikia hili kwa sababu wewe ulipita na mimi sikupita.

Ukiandika hayo maelezo yao, andika ulichosema kikaoni na usiongeze. Niletee kwanza kama unataka macho ya pili. Na unieleze mjomba amekuja lini, na alipomwambia Kondo basi, Kondo alifanya nini na mikono yake.

Mama Eufrazia